Ya Nani Hiyo?

Kikole, wilaya ya Kilwa, hakuna uwanja wa ndege. Kuna msitu, kuna mashamba ya ufuta na mihogo, na kuna mbingu pana ambamo ndege za kwenda na kutoka Mtwara hupita juu sana, zikionekana ndogo kama punje za mchele. Wengi wetu hatujawahi kupanda hata moja. Hata hivyo, tangu utoto wangu sijapata kumwona mtu wa kwetu aliyesikia mngurumo wa ndege asiinue uso. Na akishainua uso hamuulizi mwenzake juu ya bei ya tiketi wala mwendo wa chombo. Huuliza: "Ya nani hiyo?"

Katika insha hii nataka kuzipima rangi na michoro ya ndege zetu kwa swali hilo la watu wa Kikole. Wahakiki wa sanaa wametuandikia juu ya picha za Tingatinga, vinyago vya Wamakonde na majina ya kanga. Mchoro wa ndege aghalabu huachiwa watu wa biashara, kana kwamba si sanaa. Lakini ni mchoro mkubwa, wa gharama kubwa, unaopita mbele ya macho ya maelfu, na unasema jambo juu yetu tulio chini. Kinachosema jambo juu ya watu hakina budi kuhakikiwa.

Aliyenifundisha kuuliza swali hilo sawasawa ni mjomba wangu, Mungu amrehemu. Alikuwa mpasua mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alinichukua kwenda naye Kilwa Masoko, na tukiwa karibu na kiwanja ikashuka ndege ndogo, mabawa yake yakiwa juu ya madirisha kama mikono ya mtu aliyejitwisha mzigo. Ilipopita juu ya vichwa vyetu niliona herufi kubwa nyeusi chini ya bawa la kushoto.

"Haya, wewe unayekwenda shule," mjomba akaniambia, "soma. Ya nani?"

Nikasoma: tano, H, kisha herufi tatu ambazo leo sizikumbuki. Sikujua maana yake. Mzee mmoja mlinzi wa kiwanja akatufahamisha kwamba tano na H ndiyo Tanzania, na zile tatu ni jina la chombo chenyewe, wala hazifanani na za chombo kingine. Mjomba alifurahi kuliko nilivyotazamia. "Kumbe ina chapa!" akasema. "Basi ni kama gogo."

Kwa asiyejua kazi ya msitu, nieleze. Mti ukikatwa kwa kibali, bwana misitu huja na nyundo yake maalumu yenye alama kichwani, akaligonga gogo na akakigonga kisiki. Alama hiyo ndogo ndiyo pasi ya gogo. Waweza kulipaka gogo rangi ya dhahabu ukalifunga maua; ukifika kizuizini, askari hatazami maua, anainama kutafuta alama ya nyundo. Mjomba hakujua kusoma, lakini alijua kwamba gogo lisilo na chapa halina baba.

Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama ndege kama kitu chenye maandishi ya aina mbili: yale makubwa yanayotaka kupendwa, na yale madogo yanayotaka kujibu.

Tuanze na hayo makubwa, maana yana kazi kubwa na ufundi wa kweli. Ndege haipakwi rangi kama nyumba. Kwanza huvuliwa rangi yake ya zamani, kwa dawa au kwa msasa. Ndege mpya kama Boeing 787, ambazo mwili wake si bati bali nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, hazistahimili zile dawa kali za kuchubulia zilizozoeleka kwenye bati. Kisha mwili huoshwa, ukapakwa rangi ya kushikia, ndipo ikaja rangi yenyewe. Mafundi hupima kwa kamba na mwanga, wakabandika utepe wa gundi na karatasi zilizokatwa kwa umbo la herufi, wakapuliza, wakabandua. Kila mkono wa rangi ni uzito: katika ndege kubwa kabisa rangi peke yake hufikia mamia ya kilo, na kilo hizo husafirishwa kila safari bila kulipa nauli. Ndiyo sababu mojawapo ndege nyingi ni nyeupe. Sababu nyingine ni kwamba nyeupe hurudisha joto la jua na huonyesha upesi ufa au mafuta yanayovuja. Mwaka 1996 Concorde moja ya Air France ilipakwa buluu kwa ajili ya tangazo la Pepsi. Mabawa yakaachwa meupe kwa sababu ya joto, na marubani wakaambiwa wasizidishe dakika 20 katika mwendo wake wa juu kabisa. Rangi ilikipunguzia mwendo chombo kilichozaliwa kukimbia.

Mkia ndio mahali pa heshima, kwa kuwa unasimama na kuonekana kutoka mbali. Lakini mkia si ubao mmoja. Sehemu yake ya nyuma ni usukani unaopinda kushoto na kulia, na baada ya kupakwa rangi hupimwa mizani upya, maana rangi iliyozidi yaweza kuutikisa angani. Kwa hiyo mchoraji anayeweka mnyama mkiani anamchora juu ya mlango ulio na bawaba. Usukani ukipinda, mnyama hukatika kiuno. Mchoraji mwerevu huliweka jicho na kichwa mbali na bawaba hiyo, na humfanya mnyama atazame mbele pande zote mbili, ili asionekane anakimbia kinyumenyume.

Kipimo chetu wenyewe cha kazi ya namna hii kipo, nacho ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina hukaa chini ya mji, karibu na pindo, ili mwanamke akijifunga lisomeke kwa anayemfuata nyuma. Mahali pa jina hupangwa kwa kumfikiria msomaji, na kanga ambayo jina lake linapotelea kwenye mkunjo ni kanga iliyoshonwa na mtu asiyejua kuvaa. Ndege nayo ina pindo lake, ile safu ya madirisha, ambalo mchoraji hawezi kulihamisha. Ana milango ambayo sheria inataka izungushiwe mstari wenye rangi inayotofautiana na mwili, upana wa sentimita 5 hivi, ili waokoaji waione. Katika nafasi iliyobaki lazima aweke jina. Wachoraji wa zamani waliliweka juu ya madirisha, dogo na lenye adabu. Wa siku hizi hulikuza hadi likayameza madirisha, na mara nyingi dirisha hukaa katikati ya herufi kama tundu la panya kwenye gunia.

Sasa nije kwa twiga wetu. Shirika la Ndege la Tanzania lilianzishwa Machi 1977, na kwa muda mrefu twiga amekuwa nembo yake. Kwa ufundi, namsifu. Twiga ni mnyama wa kwenda juu, na mkia wa ndege ni kitu cha kwenda juu; shingo na ubao vinapatana. Hata bendera yetu imebahatika. Bendera hupakwa kana kwamba ndege ni mlingoti unaokimbia, upande wa mlingoti ukielekea puani na kitambaa kikipepea kuelekea nyuma. Ndiyo maana ubavu wa kulia bendera huonekana imegeuzwa, na asiyejua hudhani fundi amekosea. Mstari wetu mweusi, unaopanda kutoka chini mlingotini hadi juu ukingoni, kwa hiyo unapanda kuelekea nyuma, sawasawa na mkia unavyoinuka ukilalia nyuma. Bendera nyingi za mistari ya kulala hazina bahati hiyo.

Lakini kwa maana, nina la kusema. Kusini ya mto Rufiji hakuna twiga. Sisi wa Kilwa tulimjua kwanza kwenye noti, ukiinyanyua juani akatokea kichwa chake kama jini. Na chini ya jina la shirika ikaandikwa kaulimbiu ya Kiingereza, "The Wings of Kilimanjaro", yaani mabawa ya Kilimanjaro. Mlima wa kaskazini, lugha ya wageni, mnyama asiyevuka Rufiji. Simlaumu mtu kwa kutaka mtalii aone na apende. Biashara ni biashara. Nasema tu kwamba kanga hii imefumwa kwa ajili ya macho ya mtu anayesimama mahali pengine, na jina lake halikuwekwa upande wa nyuma yetu.

Kiswahili kilipopanda ndege hatimaye, kilipanda kwa njia nyingine. Ndege mpya zilizoanza kuja mwaka 2016, na hasa zile kubwa zilizofuata tangu 2018, ziliwekewa majina ya mahali: Kilimanjaro, Dodoma, Ngorongoro. Pamoja na majina hayo yakaandikwa maneno matatu, "Hapa Kazi Tu". Hapo niliona kanga halisi angani: maneno mafupi, ya Kiswahili, yanayomsema mtu bila kumtaja. Moyo wangu wa Kiswahili ulifurahi. Kisha ukasita, kwa sababu maneno hayo yalikuwa kaulimbiu ya kampeni ya uchaguzi wa mwaka 2015. Kanga za kampeni tunazijua wote. Hugawiwa bure, huvaliwa kwa furaha, na uchaguzi ukipita hubebea watoto na kufunikia maandazi. Hakuna ubaya, kwa kuwa kanga ya kampeni ni ya aliyeigawa na kila mtu anajua. Ndege ilinunuliwa na walipa kodi wote, waliochagua huku na waliochagua kule. Swali la Kikole linarudi: ya nani hiyo? Maneno makubwa yalijibu kwa sauti ya mtu mmoja.

Haya si mapya, na hapa ndipo simba anapoingia. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946, na nembo yake ilikuwa simba. Kuanzia mwaka 1966 lilipokea ndege tano kubwa za Super VC10, zenye injini nne nyuma na mkia mrefu, ambazo wazee waliofanya kazi Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe bado huzitaja kwa fahari. Simba yule alisema: sisi ni wamoja. Yalikuwa maneno mazuri, na waliomchora hawakuwa waongo.

Sasa inama usome herufi ndogo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unasema ndege ina uraia wa nchi ilikosajiliwa, wala haiwezi kusajiliwa kwa halali katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ndege zile tano za simba mmoja ziligawanywa: 5X-UVA na 5X-UVJ zikawa za Uganda, 5H-MMT na 5H-MOG za Tanzania, na 5Y-ADA ya Kenya. Simba alisema moja, herufi zikasema tatu. Ya kwanza, 5X-UVA, iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 na watu 43 wakafa. Na mwanzoni mwa mwaka 1977, shirika lilipovunjika na Jumuiya nayo ikielekea kuvunjika, ilidhihirika ni maandishi gani yaliyokuwa yakisema kweli siku zote. Mchoro ulikuwa matumaini yetu. Herufi zilikuwa hali yetu. Lau tungezisoma mapema pengine tusingeshangaa sana.

Zile nne zilizobaki zilirudi Uingereza kwa waliozitengeneza, zikanunuliwa na jeshi la anga la nchi hiyo na kugeuzwa ndege za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Simba akafutwa, rangi ya kijeshi ikaja. 5H-MOG, iliyokuwa VC10 ya mwisho kutoka kiwandani, ikapewa alama ZA150, ikaruka hadi Septemba 2013, kisha ikapelekwa Dunsfold, kusini mwa Uingereza, kuhifadhiwa. Nani leo angejua kwamba ndege ile ya kijeshi ilikuwa na uraia wa Tanzania? Rangi haiwezi kumwambia. Anayetaka kujua hufuata herufi, kutoka daftari moja hadi jingine, mpaka anafika kwetu.

Hivyo ndivyo sheria inavyozijali herufi hizo. Kanuni za kimataifa zinataka alama za usajili zisipungue sentimita 50 kwa urefu chini ya bawa la kushoto, na sentimita 30 mwilini au mkiani. Pia zinataka ndani, karibu na mlango mkuu, pagongwe kibati cha madini yasiyoungua chenye alama hizohizo. Tafakari maana ya kibati hicho. Waliokitunga walijua kwamba siku mbaya yaweza kuja ambapo twiga, simba na kaulimbiu vyote vitaungua, na bado mtu atasimama majivuni na kuuliza: ya nani hii?

Hata siku isiyo na moto swali hilo lina gharama. Agosti 2019 ndege yetu aina ya Airbus A220 ilizuiwa Johannesburg kwa madai ya mkulima mmoja aliyekuwa akiidai serikali ya Tanzania fidia ya ardhi iliyotaifishwa miaka ya 1980. Mtu wa kawaida alishangaa: Air Tanzania imehusikaje na shamba? Jibu ni kwamba twiga alikuwa mpangaji tu. Ndege zile zilikuwa mali ya serikali kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, na shirika lilizikodi kutoka huko. Mdai hakumfuata twiga, alimfuata mwenye mali. Mahakama iliiachia ndege mwezi uliofuata, lakini somo likabaki: aliyekuwa mbali na sisi alisoma maandishi madogo vizuri kuliko sisi wenye ndege.

Mimi nami yamenifika. Miaka kadhaa iliyopita nilikata tiketi kwa kampuni ambayo sitaitaja. Ndege iliyokuja kutuchukua ilikuwa nyeupe tupu, bila jina, bila mnyama, kama sanda. Herufi zake zilikuwa za nchi nyingine. Tulikaa ndani, ikaharibika, tukashushwa, tukangoja hadi usiku. Kila tuliyemwuliza alisema ndege si yao, wao wameikodi. Waliokuja nayo wakasema tiketi si zao. Bibi mmoja aliyekuwa akienda kumwuguza binti yake alinishika mkono akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ya nani hii?" Nilikuwa na elimu yote hii ya herufi na vibati, nikakosa la kumjibu. Alifika siku ya pili yake. Sikupata kujua alimkuta mgonjwa katika hali gani.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema rangi ya ndege ni pambo. Pambo lisingemliza mtu. Ndege iliyopakwa sawasawa inatoa ahadi na inaonyesha uso wa kushikilia ahadi hiyo. Natamani mambo matatu, nayo si ghali. Kwanza, jina au neno la Kiswahili lililo letu sote, liwekwe mahali ambapo anayepanda ngazi atalisoma, kama jina la kanga linavyomngoja anayefuata nyuma. Pili, karibu na mlango yaandikwe kwa lugha yetu maneno machache yanayosema mwenye chombo ni nani na anayekiendesha ni nani. Tatu, alama za usajili zisifichwe ndani ya mapambo kwa kupakwa rangi iliyokaribiana na ya mwili. Baada ya hapo, mchoraji amchore twiga, tembo, hata nguva, na mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi.

Kijijini kwetu jambo hili tumelielewa kwa njia ya msitu. Mwaka 2009 Kikole na jirani zetu wa Kisangi walipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe, vijiji vya kwanza barani Afrika. Nyundo inayogonga gogo sasa ni ya kijiji. Mpingo wetu huweza kwenda mbali na kugeuka zumari la kizungu lenye jina la kiwanda cha Ulaya kwa herufi za dhahabu, na atakayelipuliza huenda asijue Kikole ni wapi. Lakini kwenye kisiki, msituni, chapa ipo, na mtoto wa kijiji anaweza kuinama akaigusa kwa kidole.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho, mjukuu wa mjomba alisikia mngurumo akakimbilia uani. Ndege ilikuwa juu sana, nyeupe, bila herufi inayosomeka kwa macho ya binadamu. "Babu," akaniuliza, "ya nani ile?"

Nilimwambia kwamba kutoka hapa hatuwezi kujua. Nikamwahidi kwamba siku moja nitampeleka Kilwa Masoko, tusimame karibu na kiwanja kama nilivyosimama mimi na babu yake, ili ikishuka asome mwenyewe chini ya bawa la kushoto.